Nani ameingia jikoni kwa bibi?

"Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 27. Nilizaliwa Mombasa, Mji wa Kale. Baba ni Mswahili wa hapo hapo, na upande wa mama asili yao ni Kutch, India. Tulihamia Leicester, Uingereza, nikiwa na miaka 11. Nimeanza kuandika hadithi kwa Kiingereza kuhusu bibi yangu mzaa baba, na jioni nahudhuria darasa la uandishi; kurasa mbili nimeambatanisha. Mwalimu wa darasa amesema maneno yote ya Kiswahili niyaweke kwa herufi za mlazo, na mwishoni niongeze orodha ya maana zake. Shangazi nilipomsomea kwa simu akaniambia, 'Ushakuwa Mzungu wewe, watuandika kama vitu vya makumbusho.' Nikijaribu kuandika kwa Kiswahili kinatoka kama cha mtoto wa darasa la tano. Nimesoma kwamba Ngũgĩ alisema tuandike kwa lugha zetu, na Gurnah ameandika kwa Kiingereza akapewa Nobel. Nani kati yao yuko sahihi? Na hadithi yangu ni ya Kiingereza, ya Kiswahili, ya Kihindi, au haina kwao? Kuna usiku silali kwa kulifikiria hili."

Marahaba mwanangu. Umefunga maswali matatu kwenye pindo moja la leso. La kwanza ni la ufundi: maneno ya Kiswahili yakae vipi ndani ya sentensi ya Kiingereza. La pili ni la lugha: uandike kwa ipi. La tatu ndilo linalokunyima usingizi, nalo ni hofu kwamba mtu aliyechanganyika ni nusu ya kila kitu. Nimefundisha fasihi miaka mingi, na hofu hiyo nimeikuta kwenye kazi za wanafunzi wengi wenye nasaba kama yako. Nianze na hilo la pili, kwa sababu umelichukua kama mechi ya watu wawili, na haikuwa mechi.

Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya, hakuamka siku moja akakichukia Kiingereza. Riwaya zake nne za kwanza, kuanzia 1964 hadi 1977, aliziandika kwa Kiingereza. Kilichomgeuza ni Kamĩrĩthũ, karibu na Limuru, ambako yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika mchezo wa kuigiza kwa Kikuyu, ukachezwa na wakulima na vibarua wa hapo kijijini. Serikali iliusimamisha, na Desemba 1977 Ngũgĩ akawekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Riwaya za Kiingereza, hata zilipoisema serikali vibaya, hazikumfikisha gerezani. Mchezo ulioeleweka na mama muuza mboga ndio uliomfikisha. Huko katika gereza la Kamiti akaandika riwaya yake ya kwanza ya Kikuyu kwenye karatasi za chooni. Tangu hapo riwaya zake alizitunga kwa Kikuyu, na ile kubwa iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 2006 aliitafsiri mwenyewe. Wanaomnukuu hulisahau hilo la mwisho: hakufunga mlango wa Kiingereza, alibadilisha tu ni lugha ipi inatangulia kuingia.

Abdulrazak Gurnah naye hakukipima Kiswahili akakiona kimepungua. Alizaliwa Unguja mwaka 1948, akaondoka miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964, na uandishi ulimjia Uingereza, katika upweke wa ugeni. Vitabu vilivyomlea kama msomaji vilikuwa vya Kiingereza kwa wingi, na mtu huanza kuandika kwa lugha ya vitabu vilivyojaa kichwani mwake. Lakini zifungue riwaya zake usikilize: watu wa humo wanasalimiana, wanatukanana, wanadaiana na kuombana radhi Kiswahili, ingawa yaliyochapwa ni Kiingereza. Riwaya yake ya 1994 imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis, ikatolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Nilipoisoma sikuhisi kwamba wahusika wamefundishwa lugha mpya. Nilihisi kwamba sasa nawasikia bila ukuta katikati.

Pamoja na hayo, usije ukadhani lugha hizi mbili zinakutana zikiwa sawa. Juni 1962 waandishi wa Kiafrika walikutana Makerere, na mkutano wenyewe ulikuwa, kwa jina lake, wa wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyekwisha kutuachia mashairi, insha na riwaya, hakuwa na kiti katika mkutano wa namna hiyo. Mwanafunzi mwenye hadithi fupi mbili za Kiingereza alikuwa nacho. Mwanafunzi huyo alikuwa Ngũgĩ, na ndiye aliyekuja baadaye kuisema aibu hiyo kwa sauti. Mwezi huo huo wa Juni Shaaban Robert akafariki dunia. Ukiongeza mashule ambamo mtoto alivishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama yake, utaelewa kwamba wengi walioandika kwa Kiingereza hawakuwahi kusimama njia panda wakachagua. Mwalimu alishawachagulia, tena kwa fimbo. Kwa hiyo shangazi yako anapoona uchungu, ana haki ya kuuona. Usimjibu kwamba mambo hayo yamepita.

Sasa nikueleze mchanganyiko unavyofanya kazi, kwa mfano ulio mdomoni mwako tayari. Waarabu husema kitab, na wingi wake ni kutub. Neno lilipofika Pwani, watu wakasikia ki- pale mwanzoni, wakalipeleka kwenye ngeli ya ki-vi bila kuomba ruhusa: kitabu, vitabu. Kilabu cha Waingereza kikapita mlango huo huo, kikazaa vilabu. Meza tumeitoa kwa Wareno, gari na pesa kwa Wahindi, shule kwa Wajerumani, na zote zilipoingia ndani zilifuata adabu za mwenyeji: meza yangu, meza hizi, shule zetu. Wapo waliowahi kudai kwamba Kiswahili si lugha kamili kwa sababu ya maneno hayo. Walihesabu maneno, wakaacha kutazama sarufi. Ndivyo na wewe unavyojihesabu: Mswahili kiasi gani, Mhindi kiasi gani, Mwingereza kiasi gani. Mimi nakuomba uulize kitu kingine mbele ya kila sentensi unayoandika: sarufi ya nani inatawala hapa?

Katika vyuo vikuu jambo hili limepewa nadharia, na bila shaka umeshaisikia darasani. Homi Bhabha, Mhindi wa jamii ya Waparsi aliyezaliwa Mumbai, alieleza katika kitabu chake cha 1994 kwamba mkoloni alitaka mtawaliwa amwige, lakini asifanane naye kabisa, na kwamba ndani ya ule upungufu wa kufanana hupatikana nafasi ya tatu ambamo utamaduni mpya huzaliwa. Nadharia hiyo imewasaidia wengi kujiona wazima, nami naifundisha. Ila lile neno lake la Kiingereza, hybridity, yaani uchotara, lina asili ya shambani, na mkulima wa mahindi atakwambia jambo ambalo nadharia hupita nalo haraka. Mbegu chotara huzaa vizuri msimu wa kwanza. Ukihifadhi punje zake ukapanda tena, mavuno hushuka, ukalazimika kurudi dukani kila mwaka. Tena ili upate chotara lazima uanze na mbegu mbili safi. Kwenu safi ni ipi? Baba yako ni Mswahili, jina lililotokana na neno la Kiarabu lenye maana ya pwani. Wazee wa mama yako walivuka bahari ambayo majahazi yalikuwa yakiivuka kwa kaskazi na kurudi kwa kusi karne nyingi kabla Mwingereza hajafika Mombasa. Hukuzaliwa kwa kukutana kwa vitu viwili vilivyokuwa vimetulia. Umezaliwa mahali ambapo kukutana ndiyo desturi ya zamani.

Wala usikubali mtu akuambie kwamba kuchanganyika ni raha tupu. Derek Walcott wa Saint Lucia, mwenye mababu wa Kiafrika na wa Kizungu, aliandika shairi kuhusu vita vya Mau Mau nchini Kenya, nchi ambayo haikuwa yake, kwa sababu aliona damu zake mbili zikiuana. Alijiuliza atachaguaje kati ya Afrika na lugha ya Kiingereza aipendayo, akalimaliza shairi kwa maswali matupu. Mwaka 1992 alipata Nobel, na shairi lile bado halijajibiwa. Kwa hiyo jeraha unalolihisi si dalili kwamba umekosea njia.

Ngoja nikuoneshe kitu kimoja kwa karibu. Katika riwaya ya Gurnah ya 2001, mzee wa Kizanzibari anatua uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, kuomba hifadhi, akiwa ameshauriwa asioneshe kwamba anajua Kiingereza. Ndani ya mzigo wake mdogo kuna kijisanduku cha udi, ud-al-qamari. Ofisa wa uhamiaji anakifungua, ananusa, anakichukua. Kitazame vizuri kijisanduku hicho. Mzee aliwahi kudhani jina la udi ule ni udi wa mwezi, maana qamar kwa Kiarabu ni mwezi. Mfanyabiashara wa Kiajemi aliyempatia ndiye aliyemfahamisha kwamba qamari hapo ni Khmer iliyopotoka kwa kutamkwa, yaani Kambodia. Mti wa Kambodia, jina la Kiarabu, muuzaji Mwajemi aliyekuja na msimu wa pepo, mwenye mali Mzanzibari. Na ofisa anayekichukua, wazazi wake mwenyewe walikimbilia Uingereza kutoka Romania. Lakini, kwa maelezo yake, wao ni wa Ulaya, wana haki, ni wa familia. Pande zote mbili za meza ile zimechanganyika. Mmoja ana mhuri, mwingine hana. Ukisoma habari za mchanganyiko bila kuutafuta mhuri ule uko mkononi mwa nani, umesoma nusu.

Tena angalia: Gurnah anaeleza maana ya neno la kigeni pale, kwa kirefu kabisa. Lakini analieleza jinsi mzee anavyoikumbuka biashara yake. Anayeeleza ana sababu yake ya kueleza, na sababu hiyo iko ndani ya hadithi.

Sasa turudi kwenye kurasa zako. Umeandika kwamba bibi anakaanga mahamri, kisha umeweka koma, kisha maelezo kwamba ni aina ya andazi tamu la Pwani linalotiwa iliki na tui la nazi, kisha koma nyingine, kisha bibi anamwita mjukuu. Mwanangu, bibi yako hajawahi kukaanga aina ya kitu. Anakaanga mahamri. Kati ya zile koma mbili kuna mtu ameingia jikoni, amesimama baina ya bibi na karai, anawafafanulia wageni walio nyuma yake. Shangazi alimsikia mtu huyo kwenye simu, ndiyo maana akataja makumbusho. Hakukosea kusikia. Alikosea kudhani kwamba mtu yule ni wewe.

Mtoe. Acha unga uumuke chini ya kitambaa. Acha pembetatu izame kwenye mafuta, iibuke imefura, bibi aigeuze bila kuitazama kwa sababu anakutazama wewe. Mtoto aichane ingali moto, mvuke wa iliki umpige puani, achovye kwenye mbaazi za nazi, aungue ulimi. Msomaji wa Leicester ambaye hajawahi kuyaona atakuwa ameshayala kabla hajakumbuka kwamba hayajui.

Kuhusu herufi za mlazo, sikubaliani na mwalimu wako, ingawa najua hana nia mbaya. Ni mazoea ya wachapishaji aliyoyarithi. Herufi hizo humwambia msomaji kwamba neno hili si la hapa. Lakini "hapa" pa hadithi yako ni Mji wa Kale, na humo kilicho kigeni ni Kiingereza. Gurnah mwenyewe amelisema hilo hadharani, kwamba hapendi maneno yake yalazwe wala yawekewe orodha nyuma ya kitabu. Orodha ina mahali pake, kwenye kitabu cha historia au cha shule, na mhariri akishikilia sana unaweza kumwachia hiyo ukabaki na maandishi yaliyosimama wima. Kama ni kushindana, shindania herufi. Na shangazi abaki shangazi. Kiingereza kina neno moja kwa dada wa baba, dada wa mama na mke wa mjomba, na familia yako ukiipitisha kwenye neno hilo moja hakuna atakayejua ni nani mwenye haki ya kukukaripia kwa simu.

Kuna kosa la upande wa pili pia, na naliona likikunyemelea kwenye ukurasa wa pili: buibui, udi, jahazi, taarabu na adhana vyote ndani ya aya moja. Hapo maneno ni ya Kiswahili lakini sarufi inayotawala ni ya mtalii. Linganisha na Sam Selvon wa Trinidad, ambaye baba yake alikuwa wa ukoo wa Kihindi na upande wa mama kulikuwa na damu ya Kiskoti. Alipoanza riwaya yake ya 1956 kuhusu wahamiaji wa Karibi mjini London, aliianza kwa Kiingereza sanifu, ikakwama. Ikaenda pale alipompa msimulizi mwenyewe usemi wa Trinidad, si wahusika peke yao. Karibu kila neno lake ni la Kiingereza, na bado London nzima inazungumzwa kwa mpangilio wa watu waliofika juzi kwa meli. Chinua Achebe wa Nigeria alifanya la kufanana na hilo mwaka 1958, alipoandika kwamba kwa Waigbo methali ni mafuta ya mawese ya kulia maneno. Clement Ndulute alipoitafsiri riwaya hiyo kwa jina la Shujaa Okonkwo, mafuta yale yalikuwa yanangoja tu kumiminwa.

Je, uandike kwa lugha ipi? Hadithi hii imalize kwa Kiingereza. Ndiyo lugha uliyokulia utu uzima, na bibi anastahili akili yako yote. Gharama yake uijue: shangazi hataisoma kwa raha, na kila mhariri utakayekutana naye atajaribu kumrudisha yule mtu jikoni. Kiswahili chako si kibovu. Kilisimama ulipopanda ndege, kwa hiyo kina miaka 11, na mtoto wa miaka 11 hukua akilishwa. Msome Shaaban Robert, soma mashairi ya Mombasa, na soma Peponi ukiwa na nakala ya Kiingereza pembeni, sentensi kwa sentensi. Sijui darasa la bei rahisi kuliko hilo. Siku utakapokuwa na riwaya ya Kiswahili mkononi, ulizia tuzo iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye ikaitwa Safal-Cornell, iliyokuwa ikipokea miswada ya Kiswahili. Lakini usiandike kwa Kiswahili kama adhabu ya kujisafisha. Kitaonekana.

Jambo moja hukuniuliza. Katika kurasa zako mbili sikuona hata neno moja la nyumba ya mama yako. Umeniandikia kwamba asili yao ni Kutch, kisha ukanyamaza. Bibi mzaa mama alisema nini alipomkaribisha bwana harusi Mswahili? Au hakumkaribisha? Mtafute M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 akakulia Dar es Salaam. Riwaya yake ya 1989 inawafuata Wahindi wa Afrika Mashariki vizazi vinne. Huenda swali lako la "haina kwao" linatoka kwenye chumba hicho ambacho hujakifungua, kuliko kwenye Kiingereza.

Barua yangu ina mipaka, kwa hiyo nikuambie wapi uende mwenyewe. Maneno ya bibi ya Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, hayamo yote kwenye kamusi. Ukipata nauli nenda ukae na wazee, uwarekodi kwa idhini yao, wakiwa bado wapo. Mswada ukikamilika, mtafute mhariri anayesoma lugha zote mbili, mkae naye meza moja, kwa sababu mengine hayasahihishwi kwa barua pepe. Na kuhusu usiku usiolala: ikiwa ni siku moja moja, ndiyo kazi yenyewe ilivyo. Ikiwa ni wiki kadhaa mfululizo, chakula hakipiti, na unaona huna mahali popote duniani, hilo si swali la fasihi tena. Mwone daktari wako au mshauri nasaha, ana kwa ana. Ukijiwa na fikra za kujidhuru, usingoje kesho.

Kwa sasa mpigie tena shangazi. Mara hii usimsomee. Msimulie jikoni kwa Kiswahili chako hicho hicho, na kalamu mkononi. Atakukatiza. Pale atakapokukatiza akasema, "La, haikuwa hivyo, alikuwa akifanya hivi," andika anachosema kama kilivyo. Kisha uuandike upya ukurasa wa kwanza kwa Kiingereza, unirudishie bila koma zile mbili.